Meno ya Watoto: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Hapa Tanga

Mimi ni tabibu wa meno. Maswali haya nimeulizwa kwenye chumba cha matibabu, kwenye foleni ya kliniki ya watoto, hata ndani ya daladala ya kwenda Pongwe. Nimeyaandika yalivyo vinywani mwa watu. Swali likigusa jingine nimetaja namba yake, ili nisirudie maneno.

## Ya kuanzia

1. Meno ya utoto si yatang'oka tu? Ya nini kuyagharamia?

Hakuna swali ninalolisikia kama hili, na hakuna dhana iliyowaliza watoto kama hii. Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego bovu bado ana miaka 6 au zaidi ya kulitafunia, kulala nalo na kwenda nalo shule.

Kuna na hili, ambalo wazazi wengi hawalijui: gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani nalo ni la utoto, akaliacha lioze. Gego hilo likikuta jirani yake wa mbele ameshang'olewa, husogea kuziba pengo, na jino lililokuwa liote hapo baadaye hukosa nafasi. Likaota kando, au likabaki ndani.

2. Meno huota lini? Mswaki nianze lini?

Kwa kawaida ya mbele chini huanza karibu na miezi 6, na ikifika miaka 2 na nusu au 3 yote 20 yametoka. Kuna wanaoanza na miezi 4, kuna wanaongoja mpaka mwaka. Akifika mwaka na nusu bila jino hata moja, mlete tumtazame. Mswaki huanza siku ile jino la kwanza linapochungulia.

3. Mwanangu ametangulia kuota meno ya juu. Bibi yake anasema ni kigego.

Zamani huku pwani mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego na akahesabiwa nuksi. Mwambie bibi kwa heshima zake: meno kutangulia juu ni tofauti ya kawaida tu, kama mmoja kutembea na miezi 10 na mwingine na miezi 14. Hakidhuru kitu kwa mtoto wala kwa ukoo. Mtoto akizaliwa na jino tayari, hilo nalo si ishara ya lolote, ila lete tulitazame. Likiwa limelegea sana anaweza kupaliwa nalo.

4. Kuota meno huleta homa na kuharisha?

Huleta udenda, kutafunatafuna vidole, usumbufu wa usiku mmoja mmoja, pengine na joto dogo. Homa kali na kuharisha hakuleti. Yanagongana tu: umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki, na aendelee kunyonya.

5. Nimeambiwa ana "meno ya plastiki", na kuna fundi wa kuyatoa. Nifanyeje?

Mama, usimpeleke. Nakuomba.

Hakuna meno ya plastiki wala ya nailoni yanayomletea mtoto homa na kuharisha, kama wanavyosema. Ukipasua ufizi wa mtoto mchanga pale penye chonge utakuta kitu cheupe, laini, kama kipande cha plastiki. Hilo ndilo jino lake la chonge, bado halijakomaa. Fundi anakuonesha jino la mwanao mwenyewe na kukwambia ni ugonjwa.

Vinavyotumika ni kisu, sindano, hata spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi na bila kuchemshwa. Mtoto aliyekwisha pungukiwa maji kwa kuharisha anamwaga na damu juu yake. Pepopunda huingilia hapo, na VVU huweza kuingilia hapo. Na kwa kuwa chipukizi la jino la ukubwani liko jirani kabisa, miaka inapita kisha chonge ya kudumu inatoka na kilema, au haitoki kamwe.

Kinachowafanya watu waamini ni kwamba mtoto baada ya siku mbili tatu anapona. Angepona tu. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na wengi hufika kwa fundi siku ya tatu au ya nne. La kufanya liko kwenye jibu la 4.

## Nyumbani

6. Dawa ya meno kiasi gani? Floraidi si sumu?

Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Ile ya kujaza mswaki mwanzo mpaka mwisho ni ya kwenye matangazo. Apige mara mbili kwa siku, na ule wa kabla ya kulala ndio usiokosekana. Akimaliza ateme, asisukutue, ili dawa ibaki kwenye meno ikifanya kazi.

Soma boksi: floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, iwe 1000 ppm au zaidi kidogo, isizidi 1500. Dawa nyingine za watoto zenye picha za matunda hazina floraidi kabisa, na hizo zinamwachia mtoto harufu nzuri tu.

Hofu ya meno kuwa ya kahawia inatokana na tunayoyaona kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kule maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi mno, na magadi ya kupikia yakaongezea. Kwa punje ya mchele mtoto hafiki huko. Tyubu ya dawa tu uiweke juu asipoifikia, maana wengine huila kama pipi.

7. Mswaki wa mti hautoshi?

Mswaki wa mti ni kitu cha heshima kwetu, na mtu mzima anayeujua vizuri husafisha meno yake akasafika. Lakini mtoto wa miaka 3 hawezi kuuelekeza kwenye magego ya nyuma, na floraidi inayotosha haupati humo. Mpe mswaki mdogo wa nyuzi laini. Wa mti atafundishwa na babu yake akikua.

8. Ana miaka 5 na anataka kujipigia mwenyewe. Nimwache?

Aanze yeye, umalizie wewe, mpaka afike miaka 7 au 8. Mkono unaoandika jina kwa kukunjakunja herufi hauwezi bado kuzunguka gego.

Kaa mkekani, mlaze kichwa chake mapajani kwako, uso ukitazama juu, na umalizie ukiwa nyuma yake. Ukiwa hapo, mara moja kwa wiki nyanyua mdomo wa juu kwa kidole utazame pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, usiong'aa, hapo uozo umeanza na bado haujatoboa. Mstari huo unaweza kuzuiwa kwa floraidi na kupunguza sukari. Ukishageuka kahawia na kulegea, umeshachelewa hatua moja. Laiti kila mama angeujua mstari huo, nusu ya kazi yangu ingekwisha.

9. Analala na chupa. Kuna ubaya?

Inategemea kilichomo. Chai ya sukari, juisi, uji uliokolezwa: hivyo vinashinda kwenye meno usiku kucha, na mate nayo usiku hupungua. Meno manne ya mbele juu ndiyo huanza kwenda, yanakatika kama chaki. Ya chini husalimika kwanza kwa sababu ulimi na mate huyalinda. Ongeza maji kwenye chupa kidogo kidogo kila usiku, mpaka wiki ya pili inakuwa maji matupu. Atalia siku mbili tatu.

Kunyonyesha si kosa, endelea. Ila akishapita mwaka na ana meno, kunyonya usiku kucha bila meno yake kupigwa mswaki jioni huongeza hatari.

10. Nimkataze ubuyu na kashata?

Siwezi kuishi Tanga nikasema hivyo. Kitu kinachoamua ni mara ngapi, zaidi ya kiasi gani. Kila sukari inapoingia mdomoni, vijidudu huigeuza asidi, na mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza. Kashata moja baada ya chakula cha mchana ni shambulio moja. Pakiti ya ubuyu wa rangi inayomumunywa kidogo kidogo kuanzia mapumziko ya shule hadi saa ya madrasa ni shambulio lisilokatika. Chungwa la Muheza baada ya mlo halina neno. Katikati ya milo, maji.

## Hofu na tabia

11. Mara ya kwanza nimlete lini?

Kabla hajatimiza mwaka, wakati hana kinachouma. Mtoto anayeniona mara ya kwanza akiwa amevimba shavu ananijua kama mtu wa maumivu, na ni vigumu kumtoa hapo. Ziara hiyo ni fupi: mimi na mama tunakaa tukitazamana, magoti yakigusana, mtoto analala kichwa mapajani kwangu na miguu kiunoni mwa mama, anamwona mama yake muda wote. Dakika mbili zinatosha.

12. Nimwambie nini kabla ya kuja?

Mwambie, "Tunakwenda kuhesabiwa meno." Basi.

Usimwambie "haitauma" wala "usiogope". Alikuwa hajawaza kuumia, wewe ndiye umemwazisha. Usimweleze habari za sindano, niachie mimi. Na nawasihi wazazi, mjomba na dada wa nyumbani nao wasikie: acheni kusema "ukileta utundu nakupeleka kwa daktari akakung'oe meno." Mtoto huamini. Siku anapoletwa kweli anajua anaadhibiwa, anatafuta kosa lake. Mmoja aliniambia analia, "Sikufanya kitu, muulize mama."

13. Akilia na kufunga mdomo, mnafanyaje?

Tunamweleza, tunamwonesha, ndipo tunatenda. Njia hii iliandikwa na Harold Addelston wa Marekani mwaka 1959 na bado sijapata iliyo bora.

Alikuja binti wa miaka 4, ameuma midomo mpaka imekuwa myeupe. Nilimpa kioo cha meno akishike. Kilikuwa cha baridi, akakigusisha shavuni, akashtuka, akacheka kidogo. Nikamwambia ahesabu vidole vyangu, naye akanihesabia kumi. Nikahesabu vyake. Kibrashi kinachozunguka nilikiweka kwanza kwenye ukucha wangu, kisha kwenye ukucha wake wa dole gumba. Akatoa kidole cha pili. Mdomo ulifunguka wenyewe tulipofika kidole cha tano, tukahesabu meno manane tukaishia hapo. Nilimwahidi manane tu. Ziara ya pili tulihesabu yote, ya tatu nikaziba gego.

Kila mtoto nampa alama: akinyoosha mkono wa kushoto, nasimama. Wengi hunyoosha mara moja tu, kunijaribu. Nikisimama kweli, hawanyooshi tena. Nisiposimama, nimewapoteza. Na mlete asubuhi, hajachoka wala hana njaa.

14. Nimshike kwa nguvu limalizike?

Kwa jino lisilo la dharura, hapana. Tutamwahirisha, tutapaka dawa (swali la 17), atarudi. Maumivu ya siku moja ya kushikwa na watu watatu hubaki mpaka mtu anaoa. Ninao watu wazima wanaonisimulia.

Kaa naye ndani, lakini tukubaliane sauti moja. Mama akisema "fungua", baba "usilie", nami nasema langu, mtoto hasikii hata mmoja. Wewe shika mguu wake, kaa kimya. Mtoto mwenye meno mengi mabovu, au mdogo mno asiyeweza kuelewa, kuna njia ya kutibiwa yote mara moja akiwa amelazwa usingizi na mtaalamu wa usingizi. Hiyo hufanyika hospitali kubwa zenye wataalamu hao, kama Muhimbili, na utapewa rufaa.

15. Wangu ana usonji. Mtamweza?

Njoo kwanza bila yeye. Nieleze anachokipenda na anachokichukia: taa, sauti ya mashine, kuguswa usoni. Tutachagua saa isiyo na watu, tutafanya hatua zile zile kwa mpangilio ule ule kila mara, na ziara zitakuwa nyingi na fupi.

## Kutibu na kuziba

16. Limetoboka ila haliumi. Si ningoje?

Kutouma si kupona. Tundu dogo huzibwa kwa dakika chache, mara nyingi bila sindano. Ukingoja, uozo hufika kwenye kiini, hapo ndipo usiku mzima unakwisha mmekaa. Kiini cha jino la utoto ni kikubwa na ukuta wake mwembamba, kwa hiyo safari hiyo ni ya miezi, si ya miaka.

17. Lazima mashine ile ya kelele?

Mara nyingi hapana. Ipo njia inayoitwa ART: uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono tu, kisha tundu linazibwa kwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi. Haihitaji umeme. Napenda wazazi wajue kwamba njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi za daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake, kisha ikaenea duniani. Hufaa zaidi tundu la upande mmoja, juu ya gego. La katikati ya meno mawili hukatika upesi zaidi.

Nyingine ni dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi. Tone moja, dakika moja, hakuna kukwangua. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha uozo, lakini palipooza panakuwa peusi daima. Nasema mapema, maana mama mmoja alirudi amekasirika na alikuwa na haki: hakuelezwa. Kwenye magego wengi hukubali. Kwa meno ya mbele tunazungumza kwanza.

18. Kofia ya chuma ni ya nini?

Ni ya gego la utoto lililooza pande mbili au zaidi, ambalo kuziba peke yake hakutadumu. Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti, alionesha kwamba kofia inaweza kugandishwa juu ya gego bila kuchimba na bila sindano. Uozo uliofungiwa ndani unakosa chakula na kusimama. Hii ni kwa gego ambalo kiini chake bado ni kizima. Siku mbili tatu ataona anauma juu ya kitu kirefu, kisha huzoea. Gego linapong'oka kwa wakati wake, kofia hutoka nalo. Wavulana huipenda, wanaonesha wenzao.

19. Kuziba kwa zebaki je?

Kwa watoto tumeachana nayo. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikubaliana kuizuia au kushauri isitumike kwa meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha.

20. Alivimba, nikanunua antibayotiki dukani, uvimbe ukashuka. Kapona?

Bado. Dawa imetuliza, kisima cha usaha kiko pale pale chini ya jino, na kitarudi. Chanzo ni jino, litibiwe kiini au ling'olewe. Likiwa la utoto, usaha wa muda mrefu unaweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake.

Usingoje asubuhi iwapo uvimbe unapanda hadi jicho kufumba, au unashuka chini ya taya, au mtoto hamezi, anadondosha mate, ana homa kali. Nenda hospitali usiku huo huo. Walio chini ya miaka 5 wanasamehewa ada kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo hofu ya pesa isikukalishe nyumbani.

21. Amepigwa ganzi. Nimwangalie nini?

Midomo yake. Kwa saa 2 au 3 hajisikii, atautafuna mdomo mpaka uvimbe kama nyanya. Asile mpaka ganzi iishe, na umkalie karibu.

## Ajali

22. Ameanguka na baiskeli, jino la ukubwani limetoka zima. Haraka!

Liokote kwa kushika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji safi sekunde chache, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, aume kitambaa safi, njooni. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi. Watu hupenda kuuliza maji ya dafu. Maziwa yakipatikana, chukua maziwa. Usilifunge kwenye karatasi wala tishu likauke. Ndani ya nusu saa nafasi ni nzuri, ikipita saa moja kavu inapungua sana.

23. Na likiwa la utoto?

Usilirudishe kabisa, utaliumiza la ukubwani lililo juu yake. Mlete tuangalie kama kipande kimebaki. Jino la utoto lililogongwa likageuka kijivu baada ya wiki chache halihitaji kung'olewa kwa rangi hiyo peke yake. Tunalichunga. Ukiona kipele kwenye ufizi juu yake, au likianza kuuma, rudi.

24. La ukubwani linaota nyuma na la utoto bado lipo. Ana safu mbili!

Hutokea sana kwa meno ya mbele chini, miaka 6 au 7. Kama la utoto linatikisika, mwache alitikise kwa ulimi, mpe na chakula kigumu atafune. Ulimi utalisukuma la nyuma lije mbele. Miezi miwili mitatu ikipita na la utoto limekaza, tutalitoa kwa ganzi. Uzi uliofungwa mlangoni haumfai mtoto. Ndio humrudisha kwenye hofu ya swali la 13. Likitoka lenyewe, mpeni mkononi alitupe juu ya bati kama tulivyotupa sisi.